Magunzi na Kopo la Magadi

Mikono ya Mama Buluu ilikuwa na rangi hadi viwikoni, na mwili ulikuwa na uchovu hadi visiginoni. Wiki tatu alikuwa akitwanga magunzi ya mahindi, yeye na wifi yake, tangu siku bata wa jirani walipoingia mtaroni weupe wakatoka wa buluu. Jirani alicheka kwanza, kisha akaenda kushtaki. Bwana afya akaja, akayatazama maji machafu ya karakana yao ya kutia vitambaa rangi, akasema hana maneno mengi: akirudi Ijumaa ya wiki ya tatu ayakute maji safi, la sivyo mlango ataufunga kwa kufuli lake mwenyewe.

Ndipo walipojifunza kwamba gunzi, ambalo hata mbuzi hulinusa akaenda zake, linakunywa rangi. Ulitwange, ulichemshe, ulioshe, ulianike, ulijaze kwenye pipa lililotobolewa chini. Maji yakipita humo huiacha rangi nyuma, kama mlevi anavyoacha viatu kilabuni. Walipanga mapipa matatu kwenye ngazi ya matofali, moja likimwagia jingine. Alhamisi jioni maji yalitoka maangavu kama machozi. Mama Buluu akalala na nguo za kazi, miguu hakunawa.

Ijumaa asubuhi akamimina ndoo ya kwanza. Pipa la chini likatoa buluu nzito kuliko ile aliyoimimina juu.

Hakupiga kelele, kelele nayo inataka nguvu. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akamgeukia wifi yake, aliyesimama na kopo la magadi mkononi na macho ya paka aliyekutwa jikoni.

"Umetia nini?"

"Magadi kidogo tu, wifi. Konzi mbili kila pipa. Nilitaka rangi ishike vizuri."

Miaka kumi na tisa mkono wa wifi ulikuwa ukitupa magadi kwenye kila beseni, maana kitambaa bila magadi hakishiki rangi. Asubuhi hiyo mkono uliona rangi, ukaona chombo, ukafanya kazi yake, kichwa hakikuulizwa. Lakini gunzi si kitambaa. Lilitapika yote liliyokunywa.

"Ungekuwa mtu baki ningekufukuza," alisema Mama Buluu taratibu. "Sasa nikufukuzie wapi, na nyumba ni ya kaka yako?"

Wifi alicheka, akalia, halafu akakumbuka kitu. Magadi yakiwachoma vidole, wao hunawa kwa ndimu. Kama magadi ndiyo yameifungua rangi, huenda uchachu ukaifunga. Walikuwa wamebakiwa na gunia moja la magunzi yaliyotwangwa. Wakalimwaga pipa la chini, wakalijaza upya, wakayaacha yale mawili ya juu na aibu yake. Ndimu za nyumbani ziliisha upesi. Wifi akaenda kwa jirani wa bata, ambaye alitoa kikapu kizima bila kuuliza neno, wala hakumtazama usoni. Wakakamulia ndimu kwenye ndoo ya maji ya rangi, wakamimina kidogo kidogo kwenye pipa la chini, migongo ikilia.

Bwana afya alifika saa sita. Akakinga chupa chini ya pipa, akaiinua mbele ya karatasi nyeupe, akaitazama muda mrefu. Akainusa.

"Mbona yananuka ndimu?"

Mama Buluu angeweza kudanganya, ila uongo unataka mtu aliyelala vizuri. Akaeleza yote, hata magadi. Yule bwana akaandika, akapiga muhuri, akasema maji yamepita. Kisha, akiwa mlangoni, akaongeza kwamba atakuja kila mwezi, na hatatoa taarifa mapema.

Wifi alimsindikiza kwa shukrani hadi barabarani. Aliporudi alimkuta Mama Buluu amekwisha kukigeuza kinu, mabega yake yakipima magunia ya mwezi mzima.

"Shika mchi, wifi," alisema. "Anza wewe. Mimi naenda kulificha hilo kopo."