Sauti ya Bi Zamda Kwenye Waya wa Ethi

Muungurumo ulianza mchana, Rogath alipounganisha laptop yake na spika mpya, huku wapangaji wa chini wakishusha marobota ya vitenge. Studio yake ilikuwa ghorofa ya nne, mtaa mmoja nyuma ya soko la Kariakoo, chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Kazi yake ilikuwa matangazo ya redio, na tangazo lenye muungurumo halina mnunuzi. Akazima simu, akazima feni, akabadilisha nyaya, akazisogeza spika mbali na ukuta. Wapi. Alipochomoa chaja ya laptop, kimya. Alipoichomeka tena muungurumo ukarudi, na safari hii ndani yake alisikika mama mtu mzima akikohoa.

Akamwita Mudi, fundi umeme wa jengo.

"Laptop haina shida, kaka," Mudi alisema baada ya kusikiliza. "Hii inapanda na ethi."

Ethi ni ule waya wa kijani na manjano unaopeleka ardhini umeme uliotoroka. Waliufuata ukutani, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka stoo ya chini, ulikofungwa kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Mudi aliikumbuka siku ilipopigiliwa. Mkandarasi alikuwa na haraka na kiwanja kizima kilikuwa kigumu, basi wakatafuta pembe yenye udongo laini, wakapigilia, wakamwaga chumvi na mkaa, wakaenda kula.

"Ethi nzuri sana," alisema. "Imeshika mpaka chini kabisa."

Aliyejua kwa nini udongo ule ulikuwa laini ni Badria, mama ntilie aliyepika wali na maharage kwenye kibaraza cha duka mkabala na jengo. Kabla ya ghorofa, pale palikuwa na nyumba ya mama yake, Bi Zamda, nyumba ya vyumba sita na ua nyuma. Bi Zamda alifia humo. Alioshwa uani, na chini ya kitanda ukachimbwa ufuo, lile shimo linalopokea maji ya maiti ili watu wasiyakanyage. Ufuo ukafukiwa. Hata arobaini haijafika, kaka yake Badria, Bushiri, akatangaza kwamba marehemu alimwachia yeye nyumba kwa kauli ya mdomo, wakiwa wawili tu chumbani. Akaiuza. Badria akatoka na sufuria zake, na tangu hapo anapanga chumba Mbagala na kupika mbele ya mahali alipozaliwa.

Mudi alipokwenda kula na kumsimulia habari ya ile pembe na ya mama anayekohoa kwenye spika, Badria alinawa mikono, akapanda ngazi, akakaa mbele ya maikrofoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," ilijibu spika ya kushoto. Ya kulia bado ilikuwa inakohoa. "Mbona mnanipigia misumari?"

Badria alilia kidogo, kisha akauliza lililompandisha ngazi.

"Mama, nyumba ulimpa kaka peke yake?"

"Nimpe kwa lipi? Siku ile alikuja kuniomba nauli. Nyumba niliwaachia mgawane kama dini inavyosema."

Badria hakutaka makubwa. Alitaka chumba kimoja katika jengo lile, basi, alale juu ya ardhi ya mama yake. Akamwendea Mzee Mwinyimvua, mkubwa wa ukoo, ambaye ndiye aliyeyaombea dua mauzo yale. Mzee akaja na wazee wenzake, na Bushiri akaja nyuma yao amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Walibanana studio. Rogath akaongeza sauti.

Bi Zamda alieleza upya toka mwanzo. Alitaja shati alilovaa Bushiri siku ile, na uongo wake wa utotoni, mmoja mmoja. Kila neno lilisikika.

"Shikamoo, mama," Bushiri alisema.

"Shikamoo yako siipokei."

Mzee Mwinyimvua alikuna ndevu.

"Ni Zamda huyu, hakuna ubishi. Sauti yake naijua tangu tunasoma chuoni. Lakini Badria mwanangu, ghorofa limeshasimama. Tulibomoe? Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Wazee wa namna hii wana methali ya kufunika kila dhuluma, na ile ya kuifunua huwa wameisahau. Wakasoma Fatiha, wakamwombea Bi Zamda kauli thabiti, wakateremka. Bushiri alibaki nyuma kumuuliza Rogath kama muungurumo ule hauna dawa.

Dawa ilikuwepo. Mwenye jengo alikuwa ameagiza tangazo la vyumba vilivyo wazi, na kila liliporekodiwa, Bi Zamda alisikika nyuma ya maneno ya mtangazaji akisema, "Mwongo." Rogath alimwonea Badria huruma, tena sana, lakini naye alikuwa mpangaji. Akashuka madukani akanunua kisanduku kidogo kinachokaa kati ya laptop na spika na kukata muungurumo. Spika zikatulia. Tangazo likaenda redioni likiwakaribisha watu waje wajisikie nyumbani. Bushiri alilisikia, akapiga simu kulisifu.

Siku hizi, jioni ya Alhamisi, Badria humpelekea Rogath sahani ya wali, na Rogath hukitoa kisanduku kwa muda mfupi. Mara ya kwanza Bi Zamda hakungoja hata salamu.

"Wale wazee walinisikia?"

"Walikusikia, mama."

"Wakasemaje?"

Badria alikunjua upindo wa khanga yake, akaukunja tena.

"Wamesema sauti yako inatoka vizuri."

Rogath akarudisha kisanduku, maana mteja alikuwa ameshaanza kupanda ngazi.