Breki ya Mbele ya Mkunga

Jumatatu saa tatu asubuhi Mkunga aliisukuma pikipiki ya marehemu mumewe hadi kwa fundi aliyeitwa Bado Kidogo, akaiegemeza ukutani, akasema anataka breki ya mbele inayoshika. Pikipiki ilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita. Ilikuwa na diski moja mbele, iliyolika mpaka ungeweza kukatia kitunguu, na ukibana mkono wa breki ilikuwa inafikiri kwanza.

"Unakwenda nayo wapi, mama?" aliuliza fundi.

"Kwa binti yangu, ng'ambo ya milima. Anajifungua mwisho wa mwezi ujao. Basi haliendi mpaka kwake, na ule mteremko wa kule si wa breki hii."

Mkunga alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kupokea watoto wa watu. Huyu angekuwa mjukuu wake wa kwanza, na alikuwa amemwahidi binti yake kwamba mtoto atatua mikononi mwake mwenyewe. Hakuna kitu kingine alichokitaka duniani, na alimwambia hivyo kila aliyeuliza, na wengine ambao hawakuuliza.

"Nipe siku nne," alisema Bado Kidogo.

"Wewe nilikupokea mimi. Ulichelewa wiki mbili, halafu ukatanguliza miguu. Siku nne zako nazijua."

Zilikuwa siku kumi na tisa. Bado Kidogo alifungua gurudumu, akatafuta diski mbili pana za pikipiki kubwa zaidi, na kalipa mbili za kuzibana. Upande wa kulia kalipa ilikaa vizuri. Upande wa kushoto hapakuwa na pa kuifungia, maana waliounda pikipiki ile hawakuwahi kuwaza kwamba kuna mtu atataka kusimama kiasi hicho. Ikabidi achonge kishikio. Chuma alikipata nje ya mlango wake, kwenye chesisi ya lori la machimbo ya kokoto lililoshuka mlimani miaka mitatu nyuma bila breki, likaingia kwa kinyozi wa jirani, na halikuwahi kuondolewa. Kinyozi alikuwa ananyolea wateja upande mmoja wa lori.

Desturi ya karakana ile ilikuwa kwamba chuma kilichotoka kwenye chombo kingine hulazwa kwenye dizeli siku saba, ili kisahau kazi yake ya zamani. Lakini Mkunga alikuwa anakuja kila asubuhi na kusimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Haraka haraka haina baraka, mama."

"Baraka yangu iko tumboni mwa binti yangu, na haitakusubiri wewe. Funga."

Akafunga bila kukilaza. Siku ya kutoa upepo kwenye paipu za breki, Mkunga alikaa juu ya pikipiki na kubana mkono, fundi akiwa chini na spana. Ilipaswa fundi atoe amri, lakini mazoea yana taabu. "Bana," alisema Mkunga mwenyewe. "Shikilia. Sasa pumua." Mapovu yalitoka, kisha mafuta safi, na Bado Kidogo akajikuta anapumua.

Mkunga alikwenda kuijaribu papo hapo, kwenye mteremko wa mbele ya karakana. Alishuka hatua hamsini, akabana. Pikipiki ilisimama. Na lori jingine la kokoto lililokuwa linashuka nyuma yake lilisimama pia, na mpira uliokuwa unabingirika mtaroni, na maji machafu ambayo mke wa kinyozi alikuwa ameyamwaga, na nywele za mteja, ambazo zilikuwa zimeshakatwa lakini hazijafika sakafuni. Chochote kilichokuwa kinashuka kilisimama. Kilichokuwa kinapanda au kukatiza kiliendelea na shughuli zake.

Mkunga aliachia. Kila kitu kikashuka.

"Mkono mgumu au laini?" aliuliza Bado Kidogo.

"Uko sawa. Ila unashika na vya jirani."

"Padi mpya hizo. Bado kidogo zitazoea."

Dereva wa lori alikuja kumshukuru Mkunga. Alisema hajawahi kusimama kwenye mlima ule tangu aajiriwe. Yeye hupiga honi tu, mwenye masikio akimbie. Alifunua chini ya lori akamwonyesha paipu za breki zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli. Malori yote kumi na moja yalikuwa hivyo. Madereva walikwisha kumweleza meneja wa machimbo, naye alijibu kwamba hakuna mlima usio na mwisho.

Mkunga alikuwa mtu wa kutaka kujua. Kwa siku mbili alipima. Aligundua kwamba breki ilishika kuanzia juu kabisa mpaka kwenye kalvati la chini ya mlima, kwamba mvua iliitii, na kwamba haikuwa lazima pikipiki itembee. Alimpa fundi abane, ikasimama pikipiki peke yake. Kinyozi naye vivyo hivyo. Ilikubali mikono yake tu.

Mwalimu mkuu alikuja na kofia mkononi kuomba kwamba, kwa siku alizobaki nazo, abane kidogo watoto wakivuka kwenda shule. Alikubali. Halafu alipanda machimboni kumweleza meneja hali ya malori. Meneja alimsikiliza kwa adabu, akauliza breki inafika mpaka wapi, akaandika. Siku ya tatu mafundi wa machimbo wakang'oa breki zote zilizobaki, kwa kuwa mlima sasa ulikuwa na yake. Ratiba ya malori ikabandikwa kwenye nguzo, na chini yake jina la Mkunga.

"Makubwa haya," alisema Mkunga. Akaandika barua ya kuomba malori yapumzike siku tano. Ikajibiwa kwamba ratiba imejaa hadi Desemba, na kwamba uongozi unamtakia binti yake uzazi mwema.

Siku ya safari begi lilikuwa limeshafungwa nyuma ya kiti. Bado Kidogo alikuwa ametayarisha beseni la dizeli.

"Nikilaze, mama? Siku saba tu, kitasahau. Utakuwa na breki ya pikipiki, basi."

"Na wale?" Watoto walikuwa wanakuja kwa makundi, wamebeba mabegi, wengine wanakula njiani.

Fundi aliwatazama. Alijua hesabu ile kama yeye.

"Kiache," alisema Mkunga. Ilimuuma, na hakuficha. Alilia mbele ya kinyozi na wateja wake wawili. Kisha akafungua begi akatoa sweta, maana asubuhi kulikuwa na baridi pale barabarani.

Simu ilikuja wiki iliyofuata, saa moja na dakika tano asubuhi. Aliibana kwa bega, mkono wa kulia ukiwa kwenye breki.

"Mama, ametoka. Msichana."

"Alitanguliza nini?"

"Kichwa."

"Mzuri huyo. Nani alimpokea?"

"Nesi mmoja tu. Simjui hata jina. Mama, ulisema utakuja."

"Nilisema, mwanangu."

"Msikilize, analia."

Huko juu lori la saa moja na dakika tano lilipiga honi. Watoto walikuwa katikati ya barabara, mdogo wao ameinama kufunga kamba ya kiatu.

"Subiri kidogo, nibane."

Akabana. Lori likasimama na vumbi lake. Kitoto kililia kwenye simu, kikapumzika, kikalia tena, sauti ya mapafu mazima, aliijua. Machozi yalimtoka, yakafika katikati ya mashavu, yakasimama hapo. Mtoto wa kiatu alimaliza fundo la kwanza, akaanza la pili, akainuka, akamwamkia Mkunga, akavuka.

Mkunga akaachia, na lori na machozi vikaendelea kushuka.