Mkono Uko Makao Makuu

Jumatatu saa mbili asubuhi, mkunga mkuu wa hospitali ya jimbo alikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya gavana, faili mapajani. Pampu ya maji ya hospitali ilikuwa imekufa wiki sita, na kununua mpya kulihitaji sahihi moja tu. Katiba haikuzunguka mbuyu: maji ni mambo ya jimbo, mwenye kutia sahihi ni gavana, wengine wakae pembeni.

"Mkono haujarudi," alisema katibu muhtasi bila kuinua macho.

Mkono wa kulia wa gavana ulikuwa makao makuu ya chama, mwendo wa siku nzima. Kabla ya uchaguzi, wagombea wote waliitwa kumuunga mkono mwenyekiti. Wakamuunga. Waliopata tiketi waliondoka, mikono ikabaki. Ilitunzwa kabatini, kila mmoja na kibandiko cha jimbo lake.

Gavana akatoka, mkono wa shati umebanwa kwa pini.

"Dada yangu, hata mimi naumia."

"Kaka, kichanga anazaliwa, hakuna tone la kumwogesha. Tia sahihi kwa kushoto, basi."

"Wa kushoto nimeuahidi. Muhula wa pili."

"Hata dole gumba la mguu?"

"Miguu ni ya vijana wa chama," katibu muhtasi alidakia.

Ijumaa mkono ulikuja kwa gari la chama, kiti cha mbele, umefungwa mkanda. Ulikuwa umenenepa. Mkunga alifungua faili, akauonyesha mstari. Mkono ukatia sahihi kwa mwandiko safi, kisha ukakata jina la hospitali na kuandika la hospitali ya jimbo jirani, ambako gavana ni wa kambi ya mwenyekiti. Jimbo jirani lina mito mitatu na pampu nne.

Gavana aliikagua karatasi. "Sahihi ni yangu. Siwezi kuikana."

"Sahihi yenyewe si sahihi, kaka."

"Ndivyo chama kilivyo, dada."

Mkono ukawapungia, ukaondoka kabla ya chakula cha mchana. Jumamosi ulikuwa na kikao cha uteuzi.

Mkunga alirudi wodini, akabandika tangazo mlangoni: kuanzia leo, kila mjamzito aje na ndoo mbili za maji, si moja. Akina mama wakalisoma, wakauliza kama ni lazima ziwe na mifuniko.