Aliyemwaga Arudi Bombani

Ukitoka kwenye jasho la Durban, kuingia uwanja wa barafu ni kama usingizi wa mchana. Jumamosi ile mashine ya kukausha hewa ilikuwa imegoma. Joto la nje likaingia mlangoni, likakutana na barafu, na ukungu ukapanda hadi viunoni mwa wachezaji. Ngina aliteleza kati yao, filimbi mkononi, akihisi hana miguu, na hisia hiyo aliipenda.

Hakupaswa kuchezesha mechi ya hoki ya mdogo wake. Lakini refa aliyepangwa alikwama Clairwood nyuma ya malori, na manahodha wote wawili wakasema haidhuru, Ngina tunamjua. Melvin, mmoja wa manahodha hao, ndiye ndugu yake pekee mjini humu. Walipika chungu kimoja Overport, na tangu Januari kijana hakuwa na wimbo mwingine ila mashindano ya Gqeberha. Leo wakishinda, wanakwenda. Wakitoka sare, wanabaki.

Walikuwa wakiongoza mawili kwa moja, zimebaki sekunde tisa.

Melvin akakipata kisahani cheusi wanachokigombania, akakichapa kwa fimbo, kikapita uwanja mzima hadi nyuma ya lango la wapinzani bila kuguswa na mtu. Ni mbinu ya kuua muda, na sheria inairuhusu ukiwa umeshaufikia mstari wa katikati. Ukipiga kabla ya hapo ni kosa: kisahani kinarudishwa hadi kwenye duara lililo kando ya lango lako mwenyewe, mchezo unaanzia hapo, na adui anakupumulia usoni.

Melvin alikuwa hajaufikia. Ilibaki hatua moja. Ukungu ulikuwa umeufunika mstari, na aliyekuwa karibu vya kutosha kuuona alikuwa Ngina peke yake.

Ndani ya weupe ule akaiona njia ya bombani kule Nyahururu, asubuhi ya baridi, ukungu uleule, watoto wawili na mtungi wa plastiki kati yao. Melvin anacheza, maji yanamwagika. Maji yakimwagika hayazoleki, na mama yao hakubishana na hilo: aliyemwaga arudi bombani, aanze upya. Ndiyo sheria iliyomrahisishia Ngina kitabu kizima cha urefa. Kosa ndilo linaloamua pa kuanzia, hata mkosaji awe amechoka vipi. Shida ni kwamba bombani alikuwa akirudi yeye. Melvin aliketi juu ya jiwe akipuliza mvuke wa kinywa chake, na dada mtu, kwa kumpenda, alirudi kila mara.

Zimebaki sekunde sita. Aliogopa kumpoteza, aliogopa kwelikweli. Akainua mkono, akapuliza filimbi.

Refa mwenzake, Libère, akaibuka kutoka upande wa lango. "Eish, dada Ngina, miye sikuona kitu. Ukungu iko mingi. Uko sûre?"

"Niko sure. Alipiga kabla ya mstari."

Melvin akaja mbio. "Siz! Umeona nini kwa hii ukungu yote? Ungenyamaza, nani angejua?"

"Mimi ningejua. Rudi kwa goli yako, Melvin."

Akamkodolea macho, kisha akageuka na kurudi polepole hadi langoni kwake.

Ngina akalitafuta doa jekundu la katikati ya duara kwa ncha ya kiatu, akasimama, akaangusha kisahani. Larissa wa wapinzani akakiwahi, akapiga papo hapo. Zikasikika shangwe za upande mmoja. Mawili kwa mawili, na kengele ikalia.

Ngina alibadilisha viatu akilia, bila kujificha. Alipotoka na begi lake, jua lilikuwa kali na Melvin alikuwa ameshafika mbali, karibu na robot, zile taa za barabarani, mikono mitupu kama kawaida yake. Taa ikawaka kijani. Hakuvuka. Akasimama hapo mpaka ikawa nyekundu tena, kisha akageuka na kurudi njia yote hadi mlangoni.

"Leta hiyo bag."

"Ni nzito."

"Najua." Akaitundika begani. "Nilikuwa bado nyuma ya mstari, Ngina. Nilijua hata kabla nipige."

Wakaanza safari upya kutoka mlangoni, Melvin akiwa ndiye aliyebeba.