Unga Mweupe Bandani mwa Miladin

Tangu asubuhi Rosanda hakukaa kitako. Alimimina kahawa akaiacha ipoe. Akaenda bandani, akarudi, akaenda tena. Kila alipofika alitupa macho kwenye mwimo wa mlango alikokitundika kizimamoto chake chekundu, na kila mara alikuta msumari mtupu.

"Baba, umekihamisha tena?"

Baba mkwe wake, mzee Miladin, alikuwa amechuchumaa mbele ya mtambo wa kukeneka rakija, pombe kali ya plamu, akipaka kinyunga cha ngano kwenye ukingo wa kifuniko cha shaba ili mvuke usitoroke. Hakugeuka.

"Kipo nyuma ya mtambo, mwanangu. Ukutani. Pale hakimkwazi mtu."

"Nyuma ya mtambo ndiko moto utakakotokea. Sasa ukitokea, niurukie ndio nikichukue?"

"Ukitokea!" Mzee alicheka puani. "Babu yangu alikeneka rakija humu, baba yangu akakeneka, na mimi nakeneka. Umewahi kusikia banda hili limeungua?"

Rosanda alizunguka mtambo, akakiteremsha kizimamoto, akatazama kisaa chake kidogo cha kupimia shinikizo. Mshale ulikuwa kwenye kijani. Akakirudisha mlangoni.

Ugomvi huo ulianzia dukani, mjini Čačak. Miladin alitaka mtungi mweusi wa hewa ukaa, kwa kuwa gesi huzima moto ikatoweka bila kuacha uchafu. Rakija haitadhurika, alisema, na rakija ndiyo mali. Rosanda aligoma. Gesi inafaa chumba kilichofungwa, kwenye nyaya na mashine za umeme. Banda lao lilikuwa wazi pande mbili; upepo ungeibeba kabla haijafanya kazi. Tena gesi haipoozi kuni wala nyasi; moto ungejifanya umekufa, kisha ukafufuka. Akauliza wenye povu, akaambiwa umekwisha. Akachagua wa unga, unaomudu kuni na pombe kwa pamoja, akachukua ule mkubwa. Miladin alinuna njia nzima.

Asichokijua mzee ni kwa nini mkwewe huyu hapoi. Baba mzazi wa Rosanda alikuwa na mikono iliyong'aa kama nta, isiyoweza kufunga kifungo cha shati. Mikono hiyo iliunguzwa na mtambo kama huu, siku ya kicheko kama leo.

Na leo kulikuwa na kicheko. Jumapili Stana, binti wa mwisho wa Miladin, angeolewa, na mzee alikuwa amekula kiapo kwamba mgeni hataonja tone lisilotoka kwenye plamu zake. Pipa la harusi lilisimama wazi kando ya mtambo, limekaribia kujaa. Juu yake, darini, kulipangwa nyasi kavu za ng'ombe. Na nyuma ya ukuta wa mbao kulikuwa na chumba cha Stana, mwenyewe akiwa ndani, gauni lake jeupe likining'inia kabatini.

Alasiri akaja Gojko, baba wa bwana harusi, mtu wa kitambi na sharubu alizozichana kama mkia wa farasi. Alimkuta Rosanda amekikumbatia kizimamoto, maana mzee alikuwa amekihamisha tena.

"Loo, Miladin! Hukuniambia mna mtoto mchanga."

"Huyo! Anakibembeleza tangu kulipokucha," alisema Miladin. "Bado kukinyonyesha tu."

"Kikilia, Bwana Gojko," Rosanda alisema, "ndipo utakapokipenda."

Wakacheka. Vukota, mume wake, alicheka kidogo, kisha akamsogelea. "Rosa, kaa basi. Unawatia watu wasiwasi."

"Na mimi nani amenitia?"

Upepo ulikuwa umegeuka. Sasa ulitoka mlimani, ukipenya upande wa kuni na kuusukuma moshi hadi upande wa pili, uliokabili mto, pale bomba lilipodondoshea rakija kwenye ndoo. Rosanda aliuona. Akaisogeza ndoo kidogo. Miladin akairudisha kwa ncha ya kiatu.

"Ndugu yangu," mzee akamwambia Gojko, "kuionja si kitu. Nguvu ya rakija huonwa kwa macho." Akachota kikombe, akaimwagia motoni. Mwali wa buluu ukaruka, ukatulia. Gojko akapiga makofi.

"Baba, tafadhali, inatosha."

"Hujaona kitu!" Miladin akachota kikombe cha pili, kimejaa, akaimwaga.

Upepo ukaudaka mwali. Haukuruka juu safari hii. Ulilala, ukanyooka, ukailamba ndoo. Ndoo ikawaka bila kishindo, kwa rangi hafifu ambayo jicho lingeweza kuikosa. Miladin alishtuka akaipiga teke. Pombe ikatambaa sakafuni ikiwaka, ikafuata kuni, ikapanda nguzo kuelekea nyasi.

"Maji!" mzee alipiga kelele. "Vukota, maji!"

Vukota alikuwa tayari ameinua karai.

"Weka chini! Utautawanya!" Rosanda alimsukuma kwa bega. Aling'oa pini, akasimama upepo ukimpiga mgongoni, akaelekeza mdomo wa mpira chini kabisa, mwali unakoanzia, akabana. Unga ukafoka. Akaufagia moto kulia, kushoto, akisonga hatua kwa hatua. Akaipiga nguzo. Akalipiga rundo la kuni chini ya mtambo. Kinyunga kilikuwa kimepasuka kwenye kifuniko na mvuke ulikuwa unatoka ukiwaka. Akakipiga na hicho kifuniko. Hakuacha kubana mpaka mtungi ulipokoroma ukaisha.

Banda zima lilikuwa jeupe kama kiwanda cha unga. Gojko alikohoa, upande mmoja wa sharubu zake ulikuwa umejikunja na kunuka. Darini, ncha za nyasi zilizokaribiana na nguzo zilikuwa nyeusi.

Miladin hakutazama juu. Alitazama pipa. Alichovya kidole kwenye utando mweupe, akaramba, akatema.

"Umeiua," alisema taratibu. "Rakija ya harusi ya mwanangu. Ungekuwa ule wa gesi, tone lisingepotea."

"Ule wa gesi ungekuwa mtoni saa hii, Baba, umebebwa na upepo. Na sisi tungekuwa tunamtoa Stana kupitia dirishani."

"Usinifundishe! Umeniaibisha mbele ya mgeni, ndani ya banda langu. Muombe radhi Gojko. Kisha uniombe mimi."

Gojko alijipapasa sharubu, akainua macho kwenye zile nyasi nyeusi. Vukota alimwinamia mkewe sikioni.

"Mwambie samahani tu, Rosa. Neno moja, yaishe."

Rosanda alivuta kreti tupu ya plamu, akaigeuza. Akakaa, kwa mara ya kwanza siku hiyo, mtungi mtupu magotini, miguu imetulia. Akajifuta unga kwenye kope, akamtazama baba mkwe wake usoni.

"Kesho nakwenda mjini kununua mwingine wa unga, na utatundikwa mlangoni," alisema. "Radhi siombi."