Urefu wa Oluoch Akiwa Ameketi

Jumatano, tarehe 16 Julai 2025. Asubuhi ilikuwa na baridi ya kuuma masikio, manyunyu yakianguka na wingu limelala chini juu ya mabati ya Kawangware. Wacera alikuwa ndiyo kwanza amemaliza sala, akimwomba Mungu ampe ulimi wa upole siku hiyo, alipoinua macho akamwona Oluoch mlangoni mwa karakana yake, amekumbatia kiti cha ndege. Upole ule ulitoka kabla haujakaa.

"Usiniambie," alisema.

"Sasa, Mama Becky. Bado kinanigonga."

"Kiti hakigongi mtu kichwa, Oluoch. Paa ndilo linalogonga."

"Basi paa bado linanigonga."

Hii ilikuwa mara ya tatu. Wacera, Mama Becky kwa wateja wake, alikuwa fundi wa viti kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa ameshona makochi, viti vya kinyozi na viti vya madhabahuni, na hakuna aliyewahi kumrudishia kazi. Hii ya ndege alipewa na Nyamai, mhandisi wa chuo kidogo cha urubani upande wa pili wa Kibera, ambaye alimletea sponji maalum isiyoshika moto na kumwonya asitumie nyingine. Oluoch naye alikuwa ameosha ndege za chuo hicho miaka tisa, akilipwa nusu kwa pesa na nusu kwa masomo ya kuruka. Sasa alibakisha mtihani wa leseni, Ijumaa saa mbili asubuhi. Mtahini, Kapteni Kagiri, alikuwa amesema bila kuuma maneno: ndege ndogo ikipigwa na upepo hurusha watu, na rubani aliyebanana na paa atapasuka kichwa angani. Ngumi isipopita kati ya kichwa na paa, hakuna mtihani. Zamu nyingine ilikuwa Novemba.

"Keti hapo," Wacera aliamuru.

Oluoch aliketi kwenye stuli. Wacera akavuta tepu kutoka makalioni hadi utosini. Inchi thelathini na sita. Akaiandika ukutani kwa chaki, chini ya thelathini na sita ya juma lililopita na thelathini na sita ya juma la kabla yake.

"Umeona? Sponji ilianza inchi nne. Nikaikata ikawa tatu. Sasa ni mbili. Nikikata tena utakalia bodi na suruali yako. Hesabu inasema ngumi inapita!"

"Kichwa changu hakijasoma hiyo hesabu."

"Usinichekeshe. Nimekasirika."

Akampigia Nyamai simu, akaweka sauti juu ili Oluoch asikie.

"Mama, mimi nimepima ndani ya ndege mara mbili," Nyamai alisema. "Kutoka kwenye bodi ya kiti hadi paa ni inchi arobaini na moja. Shida ni sponji yako."

"Sponji yangu? Si uliileta wewe?"

"Basi labda kijana anakua."

"Ana miaka thelathini na moja, Nyamai! Anakua kwenda wapi?"

Alikata simu, akafunga duka. Angeenda kuiona hiyo ndege kwa macho yake. Lakini hanga, banda la ndege za chuo, lilikuwa halifunguliwi kabla ya saa nne, na baridi ilikuwa ya kutetemesha meno, kwa hiyo Oluoch akamwomba wapitie kwao Silanga, mtaa wa Kibera, wanywe chai.

Mama yake, Filister, muuza mboga, aliwapokea kwa mikono yenye harufu ya sukuma wiki. Wacera, aliyeumbwa mfupi, aliingia mlangoni bila taabu. Oluoch aliingia amejikunja kama kiwembe cha kukunja, akaketi kwenye benchi. Juu yake palibaki nafasi ya kutosha, karibu futi mbili mpaka kwenye mbao za paa. Lakini shingo haikunyooka. Mabega yalibaki mbele, mgongo umepinda, na chai akainywa vivyo hivyo, kidevu kikikaribia kifua.

Kikombe cha Wacera kilisimama njiani.

"Mama Oluoch, huyu huketi hivi kila siku?"

"Hivi vipi?"

"Kama mtu anayeomba msamaha."

Filister alicheka. "Tangu darasa la saba. Alirefuka muhula mmoja tu, akagonga mbao ile pale mpaka akashonwa. Nikamwambia, nyathina, mwanangu, nyumba hatuwezi kuiinua. Jipunguze wewe."

Wacera aliweka kikombe chini, akatoa tepu mfukoni.

"Egemea ukuta. Mgongo wote. Mabega nyuma. Kidevu juu. Juu, nimesema!"

Mifupa ililia. Wacera alisoma tepu, akaisoma tena. Inchi thelathini na tisa.

"Yesu wangu," alisema. "Majuma matatu napima robo tatu ya mtu!"

Sasa ilieleweka. Ndani ya ndege mikanda ya mabega ilikuwa ikimvuta nyuma na kumnyoosha, na zile inchi tatu ambazo stuli haikuzijua zilikuwa zikipanda moja kwa moja hadi kwenye paa.

"Mbona hukusema?"

"Sikujua, Mama Becky," Oluoch alijibu. "Nilidhani hivi ndivyo nilivyo."

Wacera alitaka kumpiga kofi, na alitaka kumkumbatia. Akamaliza chai.

Kule hangani alibishana na Nyamai mpaka mafundi wengine wakaacha kazi kusikiliza. "Toa hiyo bodi," alisema. "Nisuke mikanda ya kukalia kwenye fremu, akae ndani ya kiti, asikae juu yake." Nyamai alisema ndege si kochi. Wacera akasema na mtu si gunia. Mwishowe Nyamai alifungua kitabu cha ndege, akapekua kurasa kwa hasira, kisha kidole chake kikasimama kwenye mchoro mmoja. Viti vya kwanza vya ndege za aina ile vilikuwa vya mikanda iliyosukwa, bila bodi. Akaenda stoo, akarudi na mikanda iliyoruhusiwa.

Alhamisi alasiri kiti kilikuwa mahali pake, Nyamai amekikagua na kukitia sahihi. Filister alikuja pia, na leso yake ya kanisani kichwani. Oluoch akafungwa mikanda. Kapteni Kagiri akaingiza ngumi juu ya utosi wake. Ikapita.

"Asante Bwana," Wacera alisema.

"Ngoja kwanza," Kapteni alisema. "Oluoch, iendeshe mpaka mwisho wa uwanja huu wa kuegesha, urudi."

Ndege ilikwenda, ikageuka, ikarudi. Na kupitia kioo wote walimwona: amejikunja tena, pua karibu igonge saa za vipimo mbele yake. Mikanda ya mabega alikuwa ameilegeza mwenyewe.

Injini ilipozimwa, Kapteni alifungua mlango. "Kiti kimepita. Wewe hujapita. Ukiinama hivyo wakati wa kutua huoni njia. Kesho ukiinama hata mara moja, nakushusha."

Wacera alishindwa kujizuia. "Nimekuachia inchi tatu za hewa, Oluoch! Umemwachia nani? Kunguru?"

Oluoch aliangalia mikono yake. "Nikikaa wima naona kama najigamba. Mtu mrefu akiinua kichwa nyumbani kwa watu, wanasema anajiona."

"Na hapa ni nyumbani kwa nani?" Filister aliuliza.

Filister alisogea mpaka mlangoni mwa ndege, akashika mguu wa mwanawe. "Mimi ndiye niliyekwambia ujipunguze. Nilikosea. Nakuondolea neno hilo mbele ya hawa."

Oluoch akaikaza mikanda ya mabega, ule wa kushoto na ule wa kulia, mpaka mgongo ukalala wote kwenye kiti. Kidevu kikapanda. Sauti ilitoka kubwa kuliko walivyoizoea, hata mafundi wa mwisho wa hanga wakageuka.

"Mbele ya Mungu, mbele ya mama yangu, mbele ya Mama Becky na Nyamai, na mbele yako, Kapteni: kesho nitaruka na kutua nikiwa na urefu wote nilioumbwa nao."