Mstari wa Miti Ziwani

"Ni hii hii," alisema Wendell Kallio, akaipiga mashine kofi ubavuni kama mtu anayechagua farasi.

Ilikuwa ya kuendeshea juu ya ziwa lililoganda, yenye magurudumu manne manene, viti viwili, na kibanda cha chuma na vioo kilichozibwa pande zote. Ndani kulikuwa na hita. Wendell aliiwasha, akaweka mikono mbele ya ule upepo wa moto, akafumba macho. Mkewe, Verna, hakuitazama mashine. Alitazama vidole vya mumewe. Ncha zake zilikuwa nyeupe kama mishumaa tangu zilipogandishwa na baridi ya ziwani mwaka uliopita. Daktari hakuzunguka maneno: vikiganda tena, vitakatwa.

"Nzito," Verna alisema.

"Ina joto."

"Ile ya pembeni ni nyepesi na haina kibanda. Mtu akitaka kuruka, anaruka."

"Basi ruka wewe. Mimi nikienda na ile, utanifunga vifungo vya suruali mpaka nife."

Gaylen, muuzaji, aliangua kicheko. "Mama, mwache mzee apate joto lake."

"Joto namwachia. Ninachoogopa ni maji."

Njiani wakapatana. Wendell amechagua, kwa hiyo Verna ndiye atakayeipanga. Wendell alikubali upesi, akidhani kupanga ni kutafuta mahali pa kuweka kahawa.

Kesho yake alimkuta mkewe bandani, amelala chali chini ya mashine, bisibisi mdomoni. Nyuma alikuwa amefunga kamba ndefu, na mwisho wa kamba dumu tupu la rangi ya machungwa, ili mashine ikizama, dumu lielee na kuonyesha ilipo. Kwenye kioo alitundika jozi mbili za misumari yenye mipini ya mbao, za kuvaa shingoni, ambazo aliyetumbukia huzichomeka kwenye barafu na kujivuta. Mtaimbo wa kupimia barafu aliufunga karibu na kiti chake. Na mlango wa upande wake ulikuwa umeng'olewa na kuegemezwa ukutani.

"Verna! Nimenunua hita ili nilipashe joto ziwa zima?"

"Nitaweka pazia la turubai. Sasa sogea, niung'oe na wako."

"Wangu hauguswi."

"Wendell, mlango ukikataa majini..."

"Mlango mpya huu, hautakataa. Mikono ni yangu au ni yako?"

Verna alivitazama vidole vile. Alirudisha bisibisi kwenye sanduku. Upande wa kulia ukabaki na turubai, wa kushoto ukabaki na mlango wake, mzuri, wenye kitasa kinachong'aa.

Kuna jambo moja ambalo hakuna mtu pale kijijini aliyethubutu kumbishia Wendell, nalo ni mstari wa miti. Kila Januari, sikukuu zikiisha, watu humletea miti yao ya Krismasi, naye huisimika kwenye matundu ya barafu, mmoja baada ya mwingine, kutoka gatini hadi kwenye vina vya samaki ng'ambo ya ziwa. Theluji ikivuma na kila kitu kikawa cheupe, juu na chini, watu hufuata miti hiyo na kufika salama. Wendell huipanga kwa kutazama nyuma kwenye mnara wa maji wa kijiji, na hakumruhusu mtu mwingine kusimika hata mmoja. Mstari wake ulinyooka kama uzi wa fundi mwashi, na alijua hivyo.

Jumamosi ya mashindano ya uvuvi walitangulia mapema, kwa kuwa Wendell ndiye aliyetakiwa kutoboa matundu ya washindani. Upepo ulikuwa umevuma tangu juzi yake, na usiku ulikuwa umetulia. Nyuma walikokota sledi, kigari cha kuburuta kwenye theluji kisicho na magurudumu, yenye kekee ya kutobolea barafu, ndoo, na mkate mtamu wa iliki uliofungwa kwenye taulo. Kwa mbali nyuma yao, taa za mashine za wengine zilianza kushuka gatini.

Hita ilinguruma. Wendell alivua glavu, akazitandaza juu ya hita, akashika usukani kwa mikono mitupu huku akitabasamu. "Unaona, bibi wewe? Kama jikoni."

Kioo cha mbele kilikuwa kimejaa ukungu. Alifuta kijitundu cha kuchungulia, akaendelea kufuata mti mmoja hadi mwingine. Verna alikuwa amefungua pazia lake, na baridi ilimkata uso.

"Fungua na mlango wako kidogo," alisema.

"Nipoteze joto?"

Walikaribia mahali ambapo mabamba mawili ya barafu husukumana kila mwaka na kuinua kigongo. Wendell alikuwa amepitisha njia kwenye sehemu yake ya chini, na sasa theluji ilikuwa imepafunika, hapakuonekana tofauti yoyote. Verna alitoa kichwa nje, akatazama miti iliyokuwa mbele.

"Wendell. Miti imepinda."

"Ukungu huo."

"Mimi sina kioo, ukungu utoke wapi? Ya huku imenyooka. Ya ng'ambo ya kigongo imehama kushoto."

"Upuuzi."

"Basi uliisimika ovyo."

Wendell alikanyaga breki. Katika maisha yake alikuwa ameitwa mkaidi, bahili na mvuvi wa bahati, na yote aliyameza. Hili halikupita kooni. "Mimi," alisema polepole, "sisimiki ovyo." Kisha uso wake ukabadilika, maana alijisikia mwenyewe alichosema. Kama yeye hakukosea, basi miti ilikuwa imehama. Na miti haihami ila barafu iliyoishika imehama, na barafu ikihama hufungua ufa.

"Toka, Verna. Toka sasa hivi."

Verna aliruka na mtaimbo. Alipiga mara moja mbele ya gurudumu, chuma kikapenya kana kwamba kimepiga uji, na maji meusi yakapanda juu ya theluji. Chini yao barafu ilitoa mlio mrefu wa mguno. Mashine ikainamisha pua.

"Mlango!" Verna alipiga kelele.

Wendell alivuta kitasa, hakikunyanyuka. Theluji iliyorukia mlangoni ilikuwa imeyeyushwa na joto la ndani, maji yakaingia kitasani, yakaganda. Alipiga kwa bega. Maji yalikuwa yamefika kwenye kanyagio.

"Acha huo! Njoo huku kwangu!"

"Glavu zangu..."

"Wendell!"

Alijitupa juu ya kiti cha mkewe, buti moja ikanasa, ikanasuka. Verna alimshika ukosi wa koti, akamburuta kwa tumbo juu ya barafu hadi penye mti wa mwisho. Waligeuka kutazama. Mashine ilikwenda taratibu, hita ikinguruma, taa zikiwaka chini ya maji, sledi ikafuata na mkate wake. Halafu kimya. Dumu la rangi ya machungwa likabaki likichezacheza peke yake.

Wendell aliinuka akiwa na buti zilizolowa na mikono mitupu, akaukimbilia mti, akaushika shina aung'oe.

"Mikono mfukoni!" Verna alimfokea.

"Wanakuja, Verna! Wanafuata miti yangu!"

Taa zilikuwa zimeshapita nusu ya njia, zimejipanga moja nyuma ya nyingine, zikiamini. Verna alimsukuma kando, akafungua koti lake mwenyewe, akaikamata mikono ya mumewe na kuipachika kwapani kwake, moja huku, moja huku. Alimshikilia hivyo kwa muda, akihema. Kisha akamvua kofia, akamfunga nayo mikono, akaitia ndani ya koti la mumewe.

"Ukiitoa humo nitakuua mwenyewe. Niambie tu la kufanya."

Akaupiga mti kwa mtaimbo shinani, akaung'oa, akaulaza njiani. Akakimbilia wa pili.

"Kushoto kidogo," Wendell alisema akitetemeka. "Ulaze upande, waone matawi. Si hivyo, Verna, wa tatu umeupinda."

"Nyamaza, mzee."

"Umeupinda kweli."

Taa ya kwanza ilipunguza mwendo. Ikasimama. Nyuma yake zote zikasimama, na mtu akashuka akiwa ameinua mkono juu.

Jikoni kwao, baadaye, Wendell aliweka mikono kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Verna alikaa mbele yake bila kuvua koti. Vidole vilikuwa vyeupe hadi kwenye fundo la pili. Majirani walisimama mlangoni na kahawa ambazo hawakunywa.

Kisha Wendell akakunja uso.

"Nini?" Verna alisema.

"Hapana kitu."

"Wendell, nini?"

"Inauma." Machozi yalimtoka, yakamshuka mashavuni. "Inauma kama moto, mama. Vyote. Hadi kidole cha mwisho."

Verna, aliyejua kwamba kidole kilichokufa hakiumi, aliegemeza paji la uso ukingoni mwa beseni, akacheka hadi mabega yakatikisika.

"Ile nyepesi," Wendell alisema akiuma meno. "Ile ya pembeni. Gaylen bado anayo?"